Barua ya wazi kwa Spika Wetang'ula wa Bunge la Kitaifa, Spika Kingi wa Seneti na wote mnaobishania pesa za kaunti

Waheshimiwa, hamjambo huko Nairobi. Mimi ni mama wa duka, duka dogo la mabati huku pwani, ukitoka geti la dispensari ya kaunti ni kuvuka barabara tu umefika. Nauza unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni za mche, mkate, maziwa na kredo. Sijatumwa na gavana, nalisema mapema manake najua hilo ndio la kwanza mtakalouliza, wala sina kadi ya chama chochote. Nawaandikia kwa sababu madaftari yangu ya deni nimeyatoa yote nimeyatandaza juu ya kaunta na nikiyaangalia naona tarehe zenu nyinyi zimo humo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na wakati naziandika sikujua kama ni zenu.

Niwaeleze. Wanaokopa kwangu wengi ni watu wa kaunti, manesi wa hapo ng'ambo, kijana wa maabara, mlinzi, mama anayefagia, na walimu wawili wa chekechea. Si watu wa kukimbia deni. Huanza kukopa kwenye tarehe 15 hivi mshahara ukishakatika, mwisho wa mwezi wakilipwa wanakuja wanalipa, napiga mstari mwekundu chini ya ukurasa tunaanza upya, ndivyo tunavyoishi. Sasa fungua daftari la 2019, Julai haina mstari mwekundu, Agosti haina, Septemba inaenda mpaka inakaribia kuisha ndio unaona wino mwekundu. La 2020 ni hivohivo, Julai, Agosti, Septemba, kurasa zimejaa mpaka nikawa naandika pembeni kwa kujibana. La 2024 mstari upo lakini mwezi huu upo mwezi ujao haupo, na kuna deni lililovuka mwaka.

Mwanzo nilikuwa nawalaumu watu wa kaunti peke yao. Ni nesi mmoja, dada mtu mzima aliyenizalisha mtoto wangu wa mwisho, ndiye aliyekaa hapa kwenye benchi jioni moja akanieleza taratibu, akasema mama, pesa zenyewe za kaunti zinazotoka serikali kuu hazijagawanywa, Seneti wana hesabu yao na Bunge la Kitaifa wana hesabu yao na mpaka wapatane sisi tunangoja. Tangu siku hiyo nafuatilia. Redio iko dukani kutwa, na usiku nikifunga nasoma kwa simu.

Kwa hivyo najua kwamba 2019 Bunge la Kitaifa lilisema kaunti zipewe bilioni 310 na Seneti ikasema bilioni 335 na kitu. Tarehe 1 Julai ikafika mwaka mpya wa pesa ukaanza hamjapatana, magavana wakaandamana mpaka Mahakama ya Juu, kamati ya upatanishi ikakaa ikavunjika, mkaanza mswada mwingine upya, na ni katikati ya Septemba ndio mkakubaliana bilioni 316.5. Nikachukua kalkuleta yangu ya dukani. Kutoka 310 mpaka 316.5 ni bilioni 6.5, ukizigawa kwa kaunti 47 ni kama milioni 138 kila moja, najua hazigawanywi sawasawa lakini tuchukue hivo kwa kuelewana. Sidharau milioni 138, huku kwetu ni pesa nyingi sana na maseneta walifanya vizuri kuzitetea. Lakini zile bilioni 310 za chini hazikuwa na ubishi wowote! Bunge la Kitaifa ndilo lililozitaja, na Seneti haikuzikataa, ilikuwa inataka zaidi ya hapo. Hakuna hata mtu mmoja aliyesimama kwenye ukumbi wowote kati ya hizo kumbi zenu mbili akasema kaunti zipewe chini ya 310. Sasa mbona na zenyewe zilikaa?

Hilo ndilo lililonifanya niandike, na kama hamtasoma chini ya hapa basi someni hapa. Pesa ambayo pande zote mbili mmeshaikubali, kwa nini isubiri ile mnayoibishania?

Mamangu alikuwa mama karanga, alfajiri yuko ufuoni anangoja mashua ziingie anunue samaki akaange auze. Nimekua nikimwangalia anavyovutana bei na wavuvi, na walikuwa wakivutana kweli, kwa sauti, mpaka mgeni akipita anadhani watapigana. Lakini sijaona hata siku moja ubishi uliofika adhuhuri. Jua likipanda samaki wanaharibika, mvuvi anapata hasara na mama hana cha kukaanga, kwa hivyo wote wawili wanajua lazima wamalize. Nimefikiria sana kwa nini ubishi wenu unaweza kwenda miezi mitatu na nikaona ni hapo tu. Wewe mbunge ukichelewa kukubali hakuna chako kinachoharibika, mshahara wako unaingia, na wewe seneta hivohivo, na ofisi za serikali kuu zinaendelea na kazi. Kinachokaa juani ni cha yule nesi. Na baada ya nesi ni changu mimi, na baada yangu ni cha yule mwenye jumla mjini anayenipa unga kwa mali kauli.

Manake watu husema pesa zikichelewa si zitakuja tu, mshahara wa Julai ukiingia Septemba si ni uleule. Sio uleule. 2019 nilimaliza mtaji kufika wiki ya tatu ya Agosti. Mwenye jumla aliniambia kwa heshima kabisa kwamba hawezi kunipa tena mpaka nilipe nusu, na ana haki, yeye naye ananunua kwa pesa taslimu. Nikaenda kwa chama chetu cha akina mama nikachukua mkopo, riba juu, nikanunua unga, nikawakopesha haohao manesi. Septemba waliponilipa nikapata hela zangu zilezile lakini riba ya mkopo ni yangu mimi, hakuna aliyenirudishia. Kijana wa maabara alikuwa na mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, mshahara haukuingia benki ikamhesabia faini. Nesi wangu alikopa kwa simu kulipa karo ya muhula wa tatu, akakopa tena kulipa ule wa kwanza. Zile milioni 138 ziligharimu mengi kabla hazijafika, na gharama yake haiko kwenye kitabu chochote cha bajeti, iko kwenye madaftari kama haya yangu.

2020 lilikuwa jambo lingine kidogo, kiasi cha jumla hakikuwa na shida kubwa, Seneti yenyewe kwa yenyewe ilikuwa inavutana fomula ya kugawanya, nani apate zaidi, kaunti zenye watu wengi au zile kubwa za ardhi zilizoachwa nyuma miaka mingi. Ule ubishi ulikuwa wa haki, mimi mwenyewe mtu wa pwani singetaka fomula ipite inayotupunguzia. Na nilipenda kuona maseneta wa chama kimoja wakikataa kupiga kura kama mkubwa wa chama alivyotaka, hilo lilinipa moyo. Lakini mlijaribu mara 10 mkashindwa mara 10, tarehe 17 Agosti maseneta watatu wakakamatwa na polisi, mkaunda kamati ya watu 12, na suluhu ikaja tarehe 17 Septemba. Mheshimiwa Wetang'ula, wewe wakati huo ulikuwa seneta wa Bungoma na ulikuwa mmoja wa wenyekiti wawili wa hiyo kamati. Unajua suluhu ilivyopatikana. Ilipatikana mlipokubali kwamba mwaka ule kaunti ziendelee na mgao wa zamani wa bilioni 316.5, na fomula mpya ianze pesa zikiongezeka kufika bilioni 370. Yaani mlitenganisha, kile ambacho hakina ubishi kikaenda, chenye ubishi kikapangiwa wakati wake. Mbona hilo halikufanywa Julai?

Na si mimi peke yangu ninayesema hivi. Mahakama ya Juu mwezi wa 5 mwaka huohuo wa 2020 ilishatoa ushauri kwamba mkikwama, kaunti zinaweza kupewa sehemu ya pesa kwa kufuata mgao wa mwaka uliotangulia huku mkiendelea kuvutana. Kwa hivyo njia ipo. Katiba yenyewe kifungu cha 219 inasema pesa za kaunti zipelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu na bila kukatwa.

Bila kukatwa, hapo ndio nakuja 2024. Mwaka ule mlijitahidi, mswada wa ugavi wa mapato kati ya serikali kuu na kaunti ukapita mapema, rais akatia sahihi bilioni 400.1, kaunti zikapanga bajeti zao juu ya hiyo. Alafu vijana wakaingia barabarani kukataa Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, tarehe 25 Juni watu wakafa, siku ya pili yake rais akaukataa mswada. Mimi niliwaunga mkono wale vijana na bado nawaunga. Lakini ilipofika kupunguza matumizi, mkono ukaenda moja kwa moja kwa zile bilioni 400.1 zilizokuwa tayari ni sheria. Bunge la Kitaifa likasema zishuke mpaka 380, Seneti ikasema hazishuki, mkaingia upatanishi tena, miezi ikaenda, sheria ya marekebisho ikatiwa sahihi Desemba ikiwa bilioni 387.425. Desemba, waheshimiwa, mwaka wa pesa umefika nusu! Kaunti ilikuwa imeshaajiri, imeshatoa kandarasi, imeshaahidi, alafu inaambiwa bilioni 12 na zaidi zimetoka. Kuna fundi hapa kijijini alijenga choo cha darasa la chekechea, alinunua simiti kwa pesa yake, mpaka leo anaenda kuuliza malipo. Mkishangaa bili za kaunti ambazo hazijalipwa kuwa zaidi ya bilioni 170 kufikia katikati ya 2025, sisemi zote zimetokana na nyinyi, kuna kaunti zinanunua visivyohitajika na magavana wa kujibu wapo, ila nyingine zilizaliwa kwenye hiyo kamati yenu.

2025 niseme ukweli mlifanya vizuri zaidi na mtu akifanya vizuri aambiwe. Bunge la Kitaifa lilianza na bilioni 405, Seneti ikasema 465, mheshimiwa Ali Roba wa Seneti na mheshimiwa Atandi wa Bunge la Kitaifa wakakaa na watu wao, Juni mkapatana kwa 415. Juni si Septemba, nawashukuru. Lakini ngoja nilete tena kalkuleta. Seneti iliomba bilioni 60 juu ikapata 10. 2019 iliomba 25 ikapata 6.5. 2024 ilikuwa inatetea 20 ikaokoa 7 na kidogo. Mara zote tatu mnaishia karibu na hesabu ya Bunge la Kitaifa, na mara zote tatu kila mtu alijua mtaishia hapo. Na hii ndio inaniuma zaidi, Tume ya Ugavi wa Mapato ilikuwa imeshapendekeza bilioni 417 na kitu hata kabla hamjaanza. Mlizunguka kote kule mkarudi bilioni 2 chini ya ile Tume iliyosema. Hao watu wa Tume wamewekwa na katiba wafanye hiyo hesabu, mnawalipa, kwa nini msianzie kwao? Seneta akitaja 465 akijua hapati, na mbunge akitaja 405 akijua ataongeza, hiyo ni bei ya kutajiana tu na inakula siku ambazo huku ni siku za unga.

Kuna hili la hesabu zilizokaguliwa pia, sikulielewa mpaka juzijuzi na nilipolielewa nililala nikiwaza. Katiba inasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato, kwa kutumia hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Sawa. Sasa 2024 mlikuwa bado mnatumia hesabu za 2020/21. Serikali imekusanya pesa miaka yote hiyo hapo katikati, bei ya unga imepanda miaka yote hiyo, lakini kipimo ni cha wakati wa korona. Alafu mtu anasimama Bungeni anasema kaunti tumezipa asilimia 25 wanataka nini tena. Asilimia 25 ya nini? Mheshimiwa Wetang'ula, kuidhinisha hizo hesabu ni kazi ya Bunge lako. Mimi nikipima mafuta kwa kopo la zamani lililobonyea mteja atanirudishia.

Mheshimiwa Kingi, na wewe nina neno lako, nalisema kwa heshima kwa sababu wewe ni mtu wa huku. Ulikuwa gavana wa Kilifi miaka 9, kuanzia 2013 mpaka 2022. Unajua ilivyo kukaa upande ule mwingine wa simu, wafanyakazi wako nje wanauliza mshahara na huna jibu kwa sababu jibu liko Nairobi. Uliishi 2019 ukiwa gavana na uliishi 2020 ukiwa gavana. Hakuna spika anayelijua hili kukushinda. Ukiwaambia maseneta wako waje na hesabu wanayoweza kuitetea watakusikiliza.

La barabara nitalipitia haraka. Kila lita ya petroli tunakatwa shilingi 25 ya matengenezo ya barabara, tunailipa kwa nauli ya matatu hata kama hatuna gari. Bilioni 10.5 kwenye hiyo pesa zikawa za kugombaniwa na wabunge na magavana, kila mmoja anataka atengeneze yeye. Sina shida na nani atatengeneza, barabara ya hapa ina mashimo yaleyale. Shida yangu ni kwamba ubishi huo uliingia kwenye mswada wa mgao wa ziada, na miswada hiyo ndio njia ya pesa za wafadhili kama zile za Denmark zinazosaidia dispensari. Pesa ya mfadhili ilikuwa imeshatolewa, haina mwenyewe wa kuigombania, ikakaa inangoja mmalize la barabara. Ni yaleyale tena, kisicho na ubishi kilifungwa kamba moja na chenye ubishi.

Najua mtasema siasa ni hivyo, vyama vinashindana, miungano ya Azimio na Kenya Kwanza haiwezi kupatana kwa siku moja. Lakini huo ushindani wenyewe uko wapi sasa? UDA, chama cha rais, na ODM, kilichokuwa cha upinzani, walitia sahihi makubaliano tarehe 7 Machi 2025, yana vipengele 10 na kimojawapo ni kulinda na kuimarisha ugatuzi. Waziri wa Fedha mheshimiwa Mbadi alitoka ODM. Mwenyekiti wa kamati ya bajeti ya Bunge la Kitaifa ni wa ODM. Mmekaa meza moja, mnakula pamoja, kama mnaweza kupatana viti vya uwaziri basi na mshahara wa nesi mnaweza kuupatana.

Na kwamba mnaweza kumaliza mapema mkitaka, tumeshaona kwa macho yetu. Mwaka 2022 bajeti ilisomwa tarehe 7 Aprili, si Juni kama kawaida, kwa nini, kwa sababu uchaguzi ulikuwa Agosti na mlitaka kwenda kampeni. Mgao wa kaunti mkauacha palepale 370 hamkugombana, mkafunga mkaondoka. Sasa uchaguzi mwingine ni Agosti 2027, na mwaka wa pesa utaanza tarehe 1 Julai, wiki chache tu kabla ya kura. Siku hizo nitawatafuta wapi? Mtakuwa mko juu ya magari mnatupungia mikono, na kama mswada umekwama hakutakuwa na mtu Nairobi wa kuukwamua.

Kwa hivyo ninachoomba ni hiki. Taarifa ya sera ya bajeti huwafikia Februari, anzeni na hesabu ya Tume, na ikifika tarehe 30 Aprili hamjapatana basi ile hesabu ya chini, ile ambayo hakuna aliyeikataa, ipitishwe iwe sheria iende, na tofauti iliyobaki muivutane kwa mswada wake mwenyewe hata mpaka Krismasi mkitaka. Seneti haipotezi kitu, haki ya kuomba zaidi inabaki. Bunge la Kitaifa halipotezi kitu, ni hesabu yake lenyewe. Na sheria ikishatiwa sahihi, isifunguliwe tena katikati ya mwaka watu wakiwa wameshaajiriwa.

Mkishindwa na hilo, basi tangazeni mapema, tarehe 1 Mei tujue kabisa kwamba Julai hakuna kitu. Mimi nitapunguza kuagiza unga, nesi atamwambia mwenye nyumba mapema, kijana wa maabara ataenda benki kuzungumza kabla ya kukatwa. Madaftari yako hapa dukani kwa yeyote kati yenu anayetaka kuyaona, nafungua saa 12 asubuhi nafunga saa 3 usiku, Jumapili nafungua baada ya kanisa.

Ni mimi, mama wa duka, mkabala na dispensari, pwani.